Moshi Juu ya Ukuta

Jumapili, 12 Mei

Nesi Yusta wa kliniki ameniambia nitafute daftari, niandike kila siku mtoto amecheza mara ngapi. Nimenunua hili la watoto wa shule. Leo amecheza mara tisa kabla ya saa sita mchana, kisha akatulia. Mimba ina miezi sita na nusu. Natarajiwa kujifungua mwanzoni mwa Agosti.

Kurasa ni nyingi kuliko mateke, kwa hiyo nitaandika na mengine. Mimi Mhehe wa Kalenga nimeolewa huku Uyole tangu Novemba. Gwakisa, mume wangu, anaendesha lori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na nyumbani hulala siku mbili tatu kwa mwezi. Tunakaa kwa wazazi wake mpaka nyumba yetu ya Igawilo iezekwe.

Wanyakyusa wana mwiko: mkwe wa kike na baba mkwe hawaangaliani usoni, hawasemeshani, wala mimi simtaji jina lake. Siku hizi wengi wameuacha. Baba hajauacha. Akitaka kupita anakohoa, nami naingia ndani au nageukia ukutani. Nusu mwaka sasa nakaa na mtu nisiyemjua sura.

Namjua kwa sigara. Nyumba haina dari, kuta za vyumba zinaishia chini ya kenchi, na chumba chake kimepakana na changu. Akiwasha, moshi unapanda, unavuka juu ya ukuta, unashuka kwangu taratibu. Miezi ya kwanza niliupenda. Ulikuwa unanionyesha kwamba nyumbani kuna mtu.

Jumanne, 14 Mei

Mara kumi. Viazi vimeshuka bei sokoni, watu wote wananung'unika.

Jumamosi, 18 Mei

Mara kumi na mbili. Asubuhi nimekuta mkungu wa ndizi mlangoni kwangu, zile fupi tamu. Wiki iliyopita ilikuwa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Baba haniambii neno, lakini kila akitoka Tukuyu ananiletea kitu. Mama Bertha, mke wake, ndiye tunayeonana kutwa, na huyo hajawahi kuniuliza hata kama nimelala vizuri. Mungu anisamehe: katika nyumba hii anayenipenda ni yule nisiyemwona.

Alhamisi, 23 Mei

Baridi imeanza. Alfajiri Mama ameingia chumbani kwangu bila hodi, amefungua dirisha lote na kutoka. Nimeamka meno yanagongana. Nimelifunga. Baada ya saa moja amerudi, amelifungua tena. Nimelifunga tena.

Jumatatu, 27 Mei

Kliniki. Nesi Yusta ana karatasi yake ya maswali, anauliza huku anaandika. Nalala kwenye chandarua? Ndiyo. Nakula mara ngapi? Tatu. Kuna anayevuta sigara nyumbani?

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini. Mimi sivuti, mume wangu havuti, nikajiona sijadanganya sana. Na ningesemaje? Ningeanza kumsimulia Baba mbele ya wanawake wote wale kwenye benchi, mtu ambaye hata jina lake silitamki? Nesi aliandika hapana akaenda swali linalofuata.

Jumapili, 2 Juni

Baridi. Mara nane.

Jumatano, 5 Juni

Mara saba. Baba hakai tena barazani, upepo wa mlimani unamuumiza kifua. Anakaa chumbani na jiko la mkaa, anavuta moja baada ya nyingine. Nguo zangu zilizokuwa safi kabatini zimeshika harufu. Nikiamka koo linawasha. Mama bado anafungua dirisha kila alfajiri, nami bado nafunga.

Jumatatu, 10 Juni

Nesi Yusta amepima tumbo kwa utepe mara mbili, akamwita mwenzake naye akapima. Mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Aliniuliza kama naumwa, kama nakula, kama nabeba mizigo. Mwishoni aliinama kwangu, kumbe harufu imo hata kwenye kitenge changu. Akauliza tena, safari hii bila karatasi: nani anavuta?

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba moshi wa mwenzako nao ni moshi, mama akiuvuta unamfikia mtoto, na mtoto anaweza kukosa kukua au kuja kabla ya siku zake. Akasema hata maziwa yanaweza kuwa machache baadaye. Mzee avutie nje, mbali na mlango, na mimi nisikae humo.

Jioni nimempigia Gwakisa, yuko Makambako.  Akasema baba yake ana miaka sabini na moja, anavuta tangu kabla yeye hajazaliwa, na watoto walizaliwa humo humo wakakua. Amtoe nje kwenye baridi ya Juni? Akaniomba nivumilie, mwezi wa nane tunahamia kwetu.

Alhamisi, 13 Juni

Tukiwa tunamenya viazi, Mama amesema, bila kuinua macho: "Nenda kwenu ukajifungulie. Nenda wiki hii."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Mimba ya kwanza, nifukuzwe kama mgeni aliyekaa sana. Kwetu wangesema nini? Nimemjibu kwa adabu zote kwamba mume wangu ameniacha hapa, na nitamsubiri hapa. Aliendelea kumenya.

Alhamisi, 20 Juni

Mara sita. Ndizi tena mlangoni.

Jumanne, 25 Juni

Mara tano. Usiku kucha Baba alikohoa na mimi nilikohoa, huyu huku na huyu kule, kama watu wanaojibizana.

Ijumaa, 5 Julai

Naandikia wodini. Uchungu ulinishika Jumanne asubuhi nikiwa nafagia, mwezi mzima kabla. Mama Bertha ndiye aliyenileta kwa bajaji, akinishika mgongo njia nzima kwa mkono mgumu kama mwiko wa ugali. Saa tisa alasiri amezaliwa mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia saba.

Ni mzima. Vidole vyake vyote vipo. Ngozi ya mapajani imelegea kama nguo ya dada mkubwa. Baba amemtuma Mama alete jina: Sekela, yaani furahi. Nimelipenda.

Wamenifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa kitenge juu yake usiku na mchana. Anapumua kama kifaranga.

Jumanne, 9 Julai

Hanyonyi. Akishika titi ananyonya mara mbili tatu, anachoka, analala. Kwa hiyo nakamua kwenye kikombe na kumlisha kwa kijiko. Mwenzangu wa kitanda cha pili, Paskalina, naye amezaa kabla ya siku; anajaza kikombe huku anapiga soga. Mimi nakamua nusu saa, mikono inakufa ganzi, napata kinachofunika kitako cha kikombe tu. Leo nimelia, machozi yakataka kuzidi maziwa.

Nesi wa wodini amenitia moyo: nimweke titini kila saa hata kama hanyonyi, ninywe uji, nisikate tamaa. Nilimuuliza wazi kama ni ule moshi.  Akasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni moshi peke yake, mtoto njiti ana sababu nyingi na maziwa huchelewa kwa wengi. "Lakini moshi hauleti maziwa, mama. Unayapunguza. Ukirudi nyumbani, usirudi kwenye moshi."

Mwandiko wa Nesi Yusta uko kwenye kadi yangu. Anayevuta nyumbani: hapana.

Jumanne, 16 Julai

Tumeruhusiwa. Kilo moja na mia tisa. Gwakisa alikuja kutuchukua, akamwangalia mtoto muda mrefu bila kuthubutu kumgusa. Kesho asubuhi anaondoka na mzigo wa Dar. Tumerudi chumba kile kile.

Alhamisi, 18 Julai

Baba anajitahidi, nasikia anafungua mlango na kuvutia kizingitini. Lakini upepo unaurudisha moshi ndani. Maziwa ya asubuhi: vijiko vitatu.

Ijumaa, 19 Julai

Leo nitaandika mengi.

Mchana Baba alikuwa kanisani kwenye kikao. Mama aliingia, akafungua dirisha kama kawaida yake, na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kama ananichukia aseme, lakini asimuue mtoto kwa baridi. Nilisema kwa sauti ambayo mkwe hatumii.

Aliketi kitandani. Sikuwahi kumwona ameketi kitandani kwangu. Akasema kati ya dada yake Gwakisa na Gwakisa walikuwepo watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wote walizaliwa wadogo. Kwa wote, maziwa yake yalikauka kabla ya mwezi wa pili, akawalea kwa uji mwepesi, na wote wawili wakafa kwa kifua. Watu walisema amelogwa. Mama yake alimpeleka kwa mganga Busokelo, akachanjwa matiti. Alinionyesha makovu, meusi, madogo, mistari miwili miwili.

Alipobeba mimba ya Gwakisa, mkunga mmoja wa misheni alikuja nyumbani kumpima, akanusa, akamwambia alale jikoni kwenye kibanda cha nje na akipika asogee mlangoni. Akalala huko mwaka mzima. Mumewe alidhani amemkasirikia. Gwakisa alinyonya mpaka akatembea.

"Ndiyo maana nafungua dirisha," akasema. "Ndiyo maana nilikuambia uende kwenu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia sababu.

"Ningemsema mume wangu kwa mkwe wake? Na yeye hajui, Devota. Sijawahi kumwambia. Nitamwambiaje mtu kwamba wale wawili..."

 Alimchungulia Sekela kifuani kwangu, akamvuta kofia vizuri, akatoka.

Nimekaa nikihesabu. Mama angesema Mei, ningeondoka. Ningemwelewa Juni, ningeondoka. Ningemjibu nesi ndiyo. Gwakisa angefungua mdomo. Kila mtu katika nyumba hii amemheshimu mwenzake, na heshima yote hiyo imemwangukia mtu wa kilo moja na mia tisa.

Jumamosi, 20 Julai

Nimevunja mwiko.

Baada ya chai nilikwenda mlangoni kwa Baba, Sekela kifuani. Aliposikia ni miguu yangu aligeukia ukutani haraka, akajifunika koti kichwani. Sigara ilikuwa inaungua kwenye kopo. Niliongea na mgongo wake. Nikamwambia, Baba, nisamehe kwa kuja. Nikamwambia ndizi zake nilizila zote na zilikuwa tamu. Kisha nikamwambia: "Moshi wako unaingia kwetu. Unamzuia mtoto kupumua, na unanikausha maziwa. Mama hawezi kukuambia, na Gwakisa hawezi. Mimi nimeweza kwa sababu sina njia nyingine."

 Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Wale wawili sikuwataja. Hao si wangu wa kutaja.

Nimerudi chumbani, nimemweka Sekela titini.

Jumapili, 21 Julai

Baba amehamishia godoro lake stoo ya mahindi, nyuma kabisa, karibu na mabanda ya kuku. Mama alijaribu kumzuia, akapeleka blanketi la pili.

Jumatano, 24 Julai

Leo nyumba hainuki. Vijiko vitano.

Jumatatu, 29 Julai

Vijiko kumi, halafu titini ameshika akavuta kwa nguvu mpaka nikaumia. Nimecheka peke yangu. Mama amefua kila nguo ya nyumba hii, na mapazia. Nimemwomba ampelekee Baba mjukuu amwone, dakika moja tu. Amerudi na jibu: hataki. Anasema yeye bado ananuka sigara.

Jumapili, 4 Agosti

Wiki hii angekuwa ndiyo anazaliwa. Kilo mbili na mia moja. Lakini tangu jana anakohoa, kikohozi kidogo kikavu, na hanyonyi kama juzi.

Jumatano, 7 Agosti

Wodini tena. Nimonia. Amewekewa oksijeni puani na mrija wa maziwa. Daktari amesema mapafu yake hayakuwa tayari tangu mwanzo. Muziki wa maonyesho ya Nane Nane unasikika mpaka huku, spika zinatangaza mbegu bora na ng'ombe wa maziwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Gwakisa ameacha lori Mikumi, amekuja kwa basi. Ameshika mguu wa mtoto kwa vidole viwili. Ameniambia, "Ningesema na Baba mapema." 

Ijumaa, 9 Agosti

Sekela ametutoka saa nne asubuhi.

Jumapili, 11 Agosti

Tumemzika jana. Sanduku lilifungwa hospitali. Baba ndiye aliyelibeba mpaka kaburini, hakukubali kijana yeyote alipokee. Nilikuwa kati ya wanawake, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Maziwa yamekuja.

Yameanza jana, leo yamejaa. Matiti yamekuwa mawe, gauni limelowa mbele mara mbili. Wiki tano nimeyaomba kwa kijiko. Mama Bertha amenikanda kwa kitambaa cha maji baridi na kunifunga kanga kifuani. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, kama wengine wote. Alisema, "Yangu pia yalifanya hivi. Yule wa pili." Tukakaa hivyo mpaka jua likazama.

Jumanne, 20 Agosti

Ninaondoka kwenda Kalenga. Gwakisa ameniuliza narudi lini, nikamwambia sijui, na ni kweli. Bati limefika Igawilo. Mama amenisindikiza mpaka kwenye basi, akanipa maparachichi ya kumpelekea mama yangu. Nilimkumbatia mbele za watu.

Jumamosi, 7 Septemba

Kalenga. Namsaidia mama yangu kumwagilia nyanya kando ya mto. Watu hapa wanasalimia kamwene na hawaulizi. Maziwa yameisha kabisa. Sikudhani nitayalilia yakiisha pia.

Jumapili, 15 Septemba

Jana Gwakisa alipiga simu kwamba baba na mama yake wako njiani. Sikumwamini. Leo baada ya misa ya pili tuliwakuta wameketi kwenye benchi chini ya ukuta wa nyumba yetu, na vumbi la safari. Walilala Iringa mjini.

Baba yangu aliwakaribisha, mama akawasha jiko. Nilitaka kujificha ndani kama nilivyozoea, lakini Baba mkwe alimwomba baba yangu niwepo. Alizungumza akiangalia chini, polepole, Kiswahili chake cha Rungwe. Akasema amekuja kuomba radhi mbele ya wazazi wangu, kwa sababu mtoto wao alikabidhiwa kwake na hakumlinda. Akasema mkewe amemweleza habari ya miaka ya nyuma, yote, ilimchukua siku tatu kumweleza. Sigara ameziacha tangu siku ya kaburi. Lakini hasemi hivyo ili asifiwe, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kufaidika. Mama Bertha alikuwa anasokota pindo la kitenge chake.

Baba yangu alijibu maneno ya wazee, mazuri.  Mimi sijamsamehe. Najua hakukusudia, najua amembeba moyoni mjukuu wake pamoja na wale wawili wake, na bado nikifikiria kifua kile kidogo kinavyopanda na kushuka moyo unakuwa jiwe.

Chai ilipoletwa wazazi wangu waliingia ndani na Mama Bertha. Tukabaki wawili, na upana wa mkeka kati yetu. Hakukohoa wala mimi sikugeuka.  Ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwanangu, mimi sikumwona. Hata kaburini sikumwona. Alikuwa anafanana na nani?"

Nilikuwa sijafikiria. Wiki zote zile mtoto alikuwa kifuani kwangu, na kifua changu yeye haruhusiwi kukitazama.

Nikamwambia, "Sijui, Baba. Sura yako siijui."

 Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka gotini, akainua uso. Ni mzee mwembamba. Macho mekundu, mashavu yameingia ndani, ndevu nyeupe zilizonyolewa vibaya. Nilimtazama bila haraka, kama mtu anayesoma barua. Pua ya Sekela haikuwa ya kwake. Mdomo ulikuwa wa Gwakisa.

"Masikio," nikamwambia. "Yamejikunja hapo juu. Ya kwake yalikuwa hivyo hivyo."

Alipeleka mkono akaligusa sikio lake, akalishika, hakuliachia. Nami nikaanza kumsimulia: alivyokuwa anakunja uso kabla ya kupiga chafya, alivyokuwa anashika kitenge changu kwa mkono wa kushoto, siku ile alipovuta titi kwa nguvu nikacheka. Alikuwa anasikiliza kila neno. Nilisimulia mpaka chai ikapoa, na nilipofika mwisho aliniomba nirudie.